Ridhaa ya Mpigapicha na Ridhaa ya Mwenye Sura

Neno "ridhaa" lina kazi mbili katika Kiswahili chetu. Katika michezo twasema mchezaji wa ridhaa, yaani yule achezaye kwa mapenzi yake, asiyelipwa mshahara kwa kucheza. Katika sheria, na katika adabu za kila siku, ridhaa ni kule kukubali: mtu ametoa ridhaa yake, au ametendewa jambo pasipo ridhaa yake. Tunakusudia kuzitazama maana hizi mbili kwa pamoja, kwa sababu zinakutana katika kazi ya mpigapicha wa ridhaa: yule mwalimu, mwanafunzi, fundi au karani ambaye siku ya mapumziko hutwaa kamera au simu yake akaingia mitaani. Ridhaa ya kwanza, ile ya mapenzi, anayo. Swali letu ni kama anayo ya pili, yaani ridhaa ya mwenye sura. Wengi hudhani kwamba swali hili ni la adabu tu, na kwamba ufundi wa picha ni jambo jingine. Sisi tunaona kwamba mambo haya hayatengani, na kwamba picha nyingi dhaifu zinazopigwa katika vitongoji vya Dar es Salaam ni dhaifu kwa sababu zilipigwa kwa ridhaa moja badala ya mbili.

Tunaposema vitongoji tunakusudia zile sehemu zilizo nje ya kitovu cha mji: Magomeni, Tandale, Manzese na Mwananyamala kwa upande mmoja, Keko, Chang'ombe, Tandika, Mtoni na Mbagala kwa upande mwingine. Kwa muda mrefu sehemu hizi zote zilihesabiwa katika wilaya za Kinondoni na Temeke, hata Ubungo na Kigamboni zilipomegwa kuwa wilaya zao wenyewe katika miaka ya 2015 na 2016, na Manzese ikaangukia Ubungo. Huku ndiko waishiko watu wengi wa mji huu. Lakini mtu akifungua vitabu vya picha za Dar es Salaam, aghalabu ataona bandari, Sanamu ya Askari, na kanisa la Azania Front lenye paa lake jekundu. Vitongoji huonekana siku ya mafuriko, siku ya moto, au siku ya kubomolewa nyumba. Ni kama kwamba watu wa huko huishi siku za maafa tu, na siku nyingine zote hawapo.

Pengo hili haliwezi kuzibwa na wapigapicha wa magazeti peke yao, maana wao huitwa na habari. Mwenye nafasi ya kulijaza ni mpigapicha wa ridhaa, anayekaa mtaani humo humo na kuwajua majirani zake kwa majina. Kwa hiyo yafaa tuzipime picha zake kwa haki, bila kumsifu kwa upendeleo wala kumbeza kwa kuwa hana mafunzo ya chuo.

Picha hizo twaweza kuzigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza tuliite picha ya kadi. Ni jua linalozama nyuma ya ngalawa huko Msasani, au mnazi mmoja ulioinama juu ya maji ya Kigamboni. Rangi zake hupendeza, na kosa lake si uzuri huo. Kosa lake ni kwamba haina mtu. Hata mvuvi akiwamo, amekuwa kivuli cheusi mbele ya anga, sawa na mlingoti wa chombo chake. Mpigapicha hakuhitaji ridhaa ya mtu yeyote, na kwa sababu hiyo hakupata kujifunza lolote juu ya mtu yeyote. Picha ya namna hii ingeweza kupigwa katika pwani yoyote ya dunia.

Fungu la pili ni picha ya huruma. Mtoto amesimama kando ya mtaro, miguu mitupu, nyuma yake mabati yenye kutu. Mpigapicha alipita, akaona, akapiga, akaondoka. Anapoionyesha picha yake husifiwa kwa kuwa na moyo wa kuwajali wanyonge. Lakini tumwulize: mtoto yule anaitwa nani? Mtaro ule uko mtaa gani, na kwa nini haukuzibuliwa? Akishindwa kujibu, basi hakutuletea habari ya umaskini. Ametuletea sura ya mtoto wa mwenzake imebandikwa jina la "maskini", na mama wa mtoto hana habari.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, maana hatusemi kwamba kila picha ya shida ni mbaya. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alikulia Dar es Salaam na kuanza kupiga picha hapa akiwa mwanafunzi; kampuni yake ya Camerapix aliianzisha katika mji huu mwaka 1963. Mwaka 1984 picha zake za filamu kutoka kambi ya Korem, Ethiopia, ziliionyesha dunia njaa iliyokuwa ikiua watu kwa maelfu, na dunia ikaamka. Hakuwa na wasaa wa kumwomba ridhaa kila mwenye njaa. Lakini picha zake zilisema ni wapi, ni lini na ni maafa gani, na zilidai jambo litendeke. Hiyo ndiyo tofauti. Picha ya shida inayotaja mahali, wakati na sababu ni ushahidi. Isiyotaja lolote kati ya hayo humwachia mwenye sura aibu peke yake.

Fungu la tatu ni picha ya pozi, na hili ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Mpigapicha wa ridhaa aliyesoma vitabu vya ufundi kutoka mbali amefundishwa kwamba picha bora ni ile ya kuvizia, ambayo mwenye sura hakujua kwamba anapigwa. Kwa hiyo mzee wa Tandika anapomwambia, "Ngoja kwanza nivae koti," mpigapicha huvunjika moyo; huona kwamba ukweli umekwisha kumponyoka. Sisi twaona kinyume. Mzee anapovaa koti, mama anapoinyoosha kanga yake begani, kijana anapofunga vifungo na kusimama wima bila kucheka, hawaufichi ukweli. Wanasema jinsi wanavyotaka kukumbukwa, na hiyo nayo ni kweli mojawapo ya maisha yao. Pozi ni ridhaa iliyoonekana kwa macho.

Studio za zamani za pwani yetu zililijua jambo hili. Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya Omar Said Bakor huko Lamu, ziliishi kwa watu waliokuja wenyewe, wamevaa walivyotaka kuvaa. Huko Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 katika ua wa nyumbani. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake. Alitumia mwanga wa jua wa uani, na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, aghalabu alimpiga kila mteja picha moja tu. Mteja alichagua saa, redio au kalamu ya kushika. Leo picha hizo zimetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani, wala hakuna anayezilaumu kwa kuwa ni za pozi.

Basi kama ridhaa inaonekana katika pozi, inaonekana vilevile katika mwanga, na hapa ndipo tunapofika kwenye ufundi wenyewe.

Kamera haimwoni mtu. Hupima mwanga tu. Kipimo chake kimewekwa kudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni vya weupe wa wastani, kama rangi ya kijivu. Msimamishe mama mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa saa sita ya mchana. Kamera itauona ukuta, itahukumu kwamba mwanga umezidi, itaupunguza. Ukuta utatoka kijivu, na uso wa mama utatoka kama shimo lenye macho mawili. Wanafunzi wengi wamekwisha kuliona jambo hili katika picha zao za shule, ambamo mashati meupe yanang'aa na nyuso hazitambulikani, wakadhani kwamba kosa ni la ngozi. Ngozi haina kosa. Kosa ni la kipimo.

Wala kipimo hicho hakikuzuka chenyewe. Katika miaka ya 1950 maabara za kusafishia picha za rangi zilipewa kadi ya kusawazishia rangi, na juu ya kadi hiyo palikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilikuja kuitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Uso wake ulipotoka vizuri, mtambo ulihesabiwa kuwa umesawazishwa. Kwa miongo kadhaa nyuso nyeusi zilipimwa kwa uso huo. Vyombo vya siku hizi vimerekebishwa kwa kiasi kikubwa, lakini simu nyingi zina programu zinazong'arisha na kulainisha ngozi bila kuombwa. Mpigapicha wetu na azizime. Mtu asiende kupigwa picha akarudi amebadilishwa rangi.

Dawa ya tatizo hili si ngumu, nayo haihitaji kamera ya bei kubwa. Kwanza, upimwe uso, si mandhari yote. Mwenye kamera na amsogelee mtu mpaka uso ujaze kioo, apime mwanga hapo, kisha arudi nyuma apige kwa kipimo hicho hicho. Mwenye simu na auguse uso kwenye kioo, nayo itapima kutoka hapo. Ikiwa ngozi ni nyeusi sana, apunguze mwanga kidogo, ili weusi ubaki weusi wenye nuru, usigeuke kijivu.

Pili, liepukwe jua la utosi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya vichwa vyetu kabisa. Jua hilo huyajaza macho vivuli. Mwanga wa kufaa ni wa tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, na wa tangu saa kumi na nusu jioni. Lakini jioni asichelewe, maana magharibi yetu ni fupi: jua likishatua, mwanga wa kufaa hudumu dakika 20 hivi, basi.

Tatu, kama ni lazima kupiga mchana, kitumike kivuli kilicho wazi. Nyumba zetu za vitongoji zimejaliwa kivuli hicho: baraza, upenu, mwembe wa uani. Mtu akae ukingoni mwa kivuli, uso umeelekea nje kwenye mwanga. Ua wa mchanga mweupe uliofagiliwa asubuhi hurudisha mwanga juu, ukajaza vivuli vya chini ya macho na kidevu. Wapigapicha wa studio hununua vitambaa maalumu kwa kazi hiyo. Mbagala imekwisha kutandikiwa.

Nne, kitazamwe kilicho nyuma. Ukuta mweupe na anga tupu hushindana na uso. Mlango wa mbao, kanga iliyotundikwa au majani ya migomba huuacha uso uongoze. Lakini nyuma kusiwe giza tupu, nywele zisije zikapotelea humo.

Msomaji makini ameshaona tunakoelekea. Masharti haya yote manne hayawezekani kwa kuvizia. Mtu aliyejificha ng'ambo ya barabara hawezi kuupima uso, hawezi kumsogeza mama kutoka juani mpaka barazani, wala hawezi kumwambia mzee ageuke kidogo. Ili kufanya hayo ni lazima avuke barabara, amwamkie mzee shikamoo, aeleze shida yake, na angoje jibu. Lugha yetu imeliweka jambo hili vizuri: twapiga picha, na twapiga hodi. Anayetaka kupiga ya kwanza na aanze na ya pili. Na akijibiwa "hapana", asinung'unike. Amekataliwa na mwenye nyumba.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mpigapicha katika kazi yake. Lakini haki ya picha si haki ya uso. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, dalili kwamba taifa limeanza kulitazama jambo hili kwa uzito. Hata hivyo desturi zetu zilitangulia. Mdundiko unaopita barabarani ni wa watu wote, lakini wenye ngoma huombwa kwanza. Mambo ya unyago ya ndani si ya kamera, hata kama mlango uko wazi. Msibani huulizwa wenye msiba, si mmoja wa waombolezaji. Palipo na watoto huulizwa wazazi.

Limebaki jambo la mwisho, nalo ni la majina. Mwezi wa Aprili 1964 ilipigwa picha ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anaijua: Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Kando yake wamo wananchi waliovishika vyombo vya udongo. Mwalimu wa darasa na aionyeshe picha hiyo, awaulize wanafunzi majina ya watu hao. Wachache sana watajibu. Huko ng'ambo, mwaka 1991, picha za Seydou Keïta zilionyeshwa New York zikiwa zimeandikwa kwamba mpigaji wake hajulikani, naye alikuwa hai, anaishi Bamako. Na kadi za posta zilizouzwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 ziliwataja wengi wa watu wetu kwa aina tu, mwanamke wa kabila fulani, mchukuzi, mtumishi, kana kwamba hawakupewa majina na wazazi wao. Jina likishapotea, picha hugeuka kuwa mfano wa jambo fulani. Haiwi tena kumbukumbu ya mtu.

Kwa hiyo tunamshauri mpigapicha wa ridhaa asiache picha zake zikae ndani ya simu tu. Simu huibwa, huanguka majini, hufa. Azisafishe zile zilizo bora, yaani azitoe katika karatasi, na nyuma ya kila moja aandike kwa kalamu ya risasi jina la mwenye sura, mtaa na tarehe. Azihifadhi mahali pakavu, kwa kuwa unyevu wa pwani huzalisha ukungu, na nakala nyingine aziweke mahali pengine. Nakala moja ya kila picha ampelekee mwenyewe. Ahadi ni deni, na mtu akiambiwa "nitakuletea picha yako", amekopwa uso wake.

Tunalisema hili kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia zaidi ya mara moja. Anapofariki mtu mzima katika mtaa wa Kinondoni au Temeke, jamaa hutafuta picha ya kuweka mbele ya waombolezaji. Mara nyingi hupatikana moja tu: ile ndogo ya pasipoti, iliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho, ukutani pa buluu, macho yamekodolewa. Hupelekwa studio ikakuzwa mpaka uso unapasuka vidoadoa. Mtu aliyeishi miaka 60, aliyelea watoto, aliyejenga nyumba, aliyeshika zumari katika ngoma au kuuza samaki Tandika, ameacha picha moja, nayo ilipigwa kwa sababu ofisi iliihitaji. Hakuna aliyevuka barabara kumwambia, "Mzee, naomba nikupige picha kwa kuwa nakuthamini."

Idara ya habari ya serikali hutunza picha za viongozi na za matukio ya taifa, na Kijiji cha Makumbusho, kilichopo Kinondoni, hutunza mifano ya nyumba za makabila yetu. Hayo ni mema. Lakini hakuna ofisi itakayotunza baraza la kila nyumba, na mabaraza yenyewe yanatoweka. Nyumba za zamani za Magomeni Kota zilibomolewa, na magorofa yaliyosimama mahali pake yalizinduliwa mwaka 2022. Waliowapiga picha majirani zao humo, wakaandika majina yao, wamelitunza jambo lisiloweza kujengwa tena.

Walimu wanaweza kuanza na kazi ndogo. Kila mwanafunzi na achague majirani watano, awaombe ridhaa, awapige picha barazani asubuhi, aandike majina na tarehe, na ampelekee kila mmoja nakala yake. Simu moja yaweza kutumiwa na darasa zima kwa zamu. Tena mwanafunzi asipewe alama kwa picha nzuri peke yake. Apewe vilevile kwa jina lililoandikwa sawasawa, na kwa nakala iliyomfikia mwenyewe.